Tupeane uzoefu: rejeta ya oili kwenye pikipiki, wa Mtwara na Lindi mliofunga mnasemaje?

Mwanzisha mada, Tandahimba
Wadau wa Kusini, habari za mihangaiko. Msimu wa korosho unakaribia na hili linaninyima usingizi. Pikipiki yangu ni ya cc 150, injini ya kupoa kwa upepo. Naibebesha magunia mawili kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi, na njia ni mchanga mtupu. Msimu uliopita kila nikiumaliza ule mchanga injini imelegea, klachi inateleza, harufu ya oili iliyoungua imenijaa puani. Nikimwaga oili baada ya wiki mbili inatoka nyeusi, nyepesi kama chai ya rangi. Fundi anataka kunifungia rejeta ya kupoza oili mbele ya injini, na paipu zake mbili, moja ya kutoa oili kwenye injini na nyingine ya kuirudisha. Hela yenyewe kwangu si haba. Aliyefunga, na aliyefunga akatoa, naomba asimulie yaliyomkuta mwenyewe, siyo ya kusikia kijiweni.

Mdau, Mtwara mjini
Nimefunga na sijutii. Kazi yangu ni kupeleka mizigo Lindi, lami tupu, zaidi ya kilomita 100 kwenda tu. Nikisimama Mingoyo huwa nagusa paipu: ile inayotoka kwenye injini mkono haukai, ile inayorudi unakaa. Kwa hiyo inafanya kazi. Lakini mimi nakimbia, upepo naupata muda wote.

Mdau, Msimbati
Huyo wa juu kagusa penyewe. Huku kwetu ni gia ya kwanza, miguu chini, mwendo wa mtu anayetembea. Rejeta inategemea upepo, na kwenye mchanga upepo haupo, wakati ndipo injini inapoteseka zaidi. Niliifunga mwaka mzima, nafuu niliyoiona ni kidogo sana. Kilichonisaidia ni sproketi ya mbele, ile ya meno inayovuta mnyororo: nilitoa ya meno 15 nikaweka ya 14. Injini ikaacha kulemewa. Na nikipita mchanga mrefu napumzika chini ya mkorosho, nazima kabisa.

Mdau, Liwale
Mimi iliniulia injini. Nilikuwa natoka Nachingwea narudi nyumbani, nimepakia ufuta, jua la saa nane. Rejeta ilikuwa na mwezi mmoja tu. Nikahisi buti la kulia linateleza kwenye breki, nikadhani dumu la maji linavuja. Kuinama, oili imenilowesha hadi gotini na inadondokea kwenye ekzosi, moshi mweupe unapanda. Nilizima pale pale, nimeshachelewa. Ilikuwa imeanza kugonga. Tulipofungua, pistoni imechanika ubavuni na kemshafti imekwaruzika. Paipu moja ilikuwa imechomoka kwenye rejeta. Injini zetu zinabeba lita moja na kidogo, hiyo inaisha kwa dakika chache, na nyingi hazina taa ya kukuonya presha ya oili ikishuka. Niliisukuma hadi giza likaingia, nikalala kwa watu nisiowajua. Ufuta niliuuza kulipia spea.

Fundi, Masasi
Pole sana kaka wa Liwale. Anayekuja kwangu akisema injini inachemka, kwanza nachomoa kijiti cha oili. Wengi imepungua na hawajapima tangu waiweke. Kisha nakwangua mapezi ya silinda, yale mabati ya nje yanayotoa joto, maana tope likikauka pale ni sawa na kuivisha injini blanketi. Natoa plagi: ikiwa nyeupe pee, kabureta inatoa petroli kidogo, na injini ya namna hiyo itachemka hata uifungie rejeta tatu. Nakagua tapeti, yaani nafasi ya valvu, nazungusha tairi la nyuma nione kama breki hailing'ang'anii. Oili weka 20W-50 yenye alama ya JASO MA, ambayo ni ya oili za pikipiki, kwa sababu klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, na nyingine za magari zinaifanya iteleze.

Tena, oili ikikosa joto nayo ni shida. Inatakiwa ifike kama nyuzi 100 ili unyevu utoke. Kijana mmoja alifunga rejeta kubwa na safari zake ni sokoni na kurudi. Nilipofungua kifuniko cha oili nikakuta utando kama tui la nazi.

Mwanzisha mada, Tandahimba
Asanteni mno. Leo asubuhi nimekaa na bisibisi na brashi. Tope la masika yote lilikuwa kwenye mapezi, limegandana na oili. Nilikuwa naiosha kila Jumapili na sikuwahi kuchungulia humo. Plagi nayo nyeupe pee, fundi. Hela ya rejeta nimenunulia jeti ya kabureta (kile kitundu cha kupitishia petroli), oili na sproketi ya meno 14. Nitapakia magunia nipite mchanga ule ule, ndipo niamue kuhusu rejeta.

Kaka wa Liwale, hiyo paipu iliyochomoka ilikuwa ya aina gani?

Mdau, Liwale
Mpira wa petroli, kaka, umebanwa kwa waya. Nilikuwa nimesimama pale pale fundi akiubana.