Mazoezi ya vipande nje ya msimu: unashikaje kasi, na unapumzika vipi katikati? Tupeane uzoefu

Pumzi Ndefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za mazoezi. Msimu umekwisha, mashindano bado yako mbali, na wengi wetu ndiyo tunajenga pumzi sasa. Naomba tuzungumzie vipande: mita 400, 800, 1000, unakimbia kwa nguvu, unapumzika kidogo, unarudi tena. Kila mtu hutaja amefanya vipande vingapi. Kile kinachofanyika kati ya kipande na kipande hakitajwi kabisa, na kwangu mimi hapo ndipo zoezi linapokaa sawa au kuharibika.

Naanza na wangu. Mbio zangu ni mita 800 na 1500. Kipindi hiki kocha hunipa vipande sita vya mita 800 kwa kasi ya mbio za kilomita 5, yaani kasi ya chini kuliko ile ya mashindano yangu. Kwangu ni dakika 3 na sekunde 30 kwa kilomita, hivyo kipande kizima ni dakika 2 na sekunde 48, na kila mita 200 ni sekunde 42. Hiyo 42 ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Miguu bado mibichi, na 38 inakuja yenyewe bila kuitafuta. Nguvu ya sekunde za mwanzo inatoka kwenye akiba iliyomo ndani ya misuli, mapafu na moyo bado havijashika kazi, kwa hiyo mwili haukwambii kwamba umezidisha. Utaambiwa ukiingia kona ya mwisho, mabega yakishapanda hadi masikioni.

Ninachofanya ni kukimbia mita 100 za kwanza nikisikiliza nyayo zangu tu. Nikisikia zinapiga chini kwa kishindo, nashusha. Kwenye alama ya mita 200 natazama saa mara moja, kisha siitazami tena hadi mwisho.

Mapumziko ni dakika 2 na nusu, najogi polepole sana, kasi ambayo anayetembea haraka angenifikia. Haya, leteni yenu. Nataka hasa kujua mnajuaje kwamba mmepumzika vya kutosha.

Kiungo Mkabaji

Mimi ni wa soka, si mwanariadha, lakini kabla ya ligi tunakimbia kuliko watu wanavyodhani. Zoezi letu kubwa ni dakika 4 mara 4: mapigo ya moyo asilimia 90 hadi 95 ya kiwango chako cha juu, katikati dakika 3 za kujogi moyo ukiwa kwenye kama asilimia 70. Watafiti wa Norway walilijaribu kwa wachezaji vijana wa soka na kuchapisha matokeo mwaka 2001, tangu hapo limeenea timu nyingi.

Ninachotaka kusema ni kuhusu ile saa ya mapigo. Dakika ya kwanza ya kipande moyo haujafika unakotakiwa. Unatazama mkononi inasoma 150 wakati umeambiwa 175, unaongeza spidi. Inasoma 160, unaongeza tena. Dakika ya tatu moyo umefika, umepitiliza, na miguu imekwisha. Moyo huchukua muda kupanda hata kama kasi ni sahihi. Mwalimu wetu wa viungo huwaambia wachezaji wafunike saa kwa mkono wa fulana dakika mbili za kwanza, waifunue baadaye. Timu nzima inamaliza kipande cha nne ikiwa bado inakimbia kwa umbo zuri, na kwa mchezaji umbo hilo ndilo la dakika ya 80.

Mama Pacha

Asante kwa uzi huu. Nimerudi kukimbia baada ya uzazi, kwa ruhusa ya daktari, na nilianza kwa kutembea na kujogi miezi kadhaa kabla ya kugusa kipande chochote. Saa sivai kabisa. Najua nimepumzika kwa kusema. Nataja majina ya wanangu wote wawili, yote matatu matatu, kwa sauti, kwa pumzi moja. Nikikatika katikati, naendelea kutembea. Nikifika mwisho bila kudokoa hewa, natoka.

Uzuri wa njia hii ni kwamba inabadilika na siku. Usiku ambao sikulala, majina yanachelewa kutoka, na mimi nachelewa kuanza. Dakika mbili zilizoandikwa kwenye karatasi hazijui kama nililala au la.

Kaka Pumzi Ndefu, natofautiana nawe kwenye kujogi. Mimi natembea, na kipande kinachofuata kinatoka kizuri zaidi. Nani anaweza kunieleza kwa nini kila mahali tunaambiwa tujogi?

Kocha wa Jioni

Dada Mama Pacha, swali lako ni la msingi, na jibu linategemea unajenga nini.

Ukifanya mbio fupi za nguvu zote, sekunde 10 hadi 20, unatumia akiba ya misuli inayoitwa kretini fosfeti. Karibu nusu yake hurudi ndani ya nusu dakika, na karibu yote ndani ya dakika 3 hadi 5. Hapo tembea, simama, hata kaa. Kujogi kunaila akiba ile ile unayoisubiri. Kwa kipande kirefu cha dakika 2 hadi 5 hesabu inabadilika. Unataka moyo na mapafu vikae juu muda mrefu kwa jumla, na misuli inayotembea polepole huendelea kuichoma lakteti, ile inayojaa kwenye damu ukikimbia kwa nguvu, kama nishati, kwa hiyo damu husafika upesi kuliko ukisimama. Ndiyo maana tunasema mjogi. Ila anayerudi kutoka mapumziko marefu, kujogi kwake bado ni kazi, mapigo hayashuki. Kwako kutembea ni sahihi. Endelea.

Kuhusu kupumzika vya kutosha, swali hili si geni. Miaka ya 1930 huko Ujerumani kocha Woldemar Gerschler, akishirikiana na daktari wa moyo Reindell, aliyapangia mapumziko utaratibu. Mkimbiaji anapandisha mapigo hadi kama 180 kwa dakika, kisha wanasubiri yashuke hadi 120. Yakishuka ndani ya sekunde 90, anatoka tena. Yasiposhuka, kipande kilikuwa cha kasi mno au kirefu mno, na kama inajirudia, zoezi la siku hiyo limeisha. Mwanafunzi wake Rudolf Harbig alikimbia mita 800 kwa 1:46.6 mwaka 1939, na rekodi hiyo ya dunia ilikaa hadi 1955. Namba 180 na 120 hazimfai kila mtu, maana kiwango cha juu cha moyo hutofautiana kwa umri na kwa mtu. Ila wazo la kuusubiri mwili badala ya kuusubiri mshale wa saa, mimi nalitumia hadi leo.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wengi hawalioni. Kwenye uwanja wa kawaida, mita 400 ni njia ya kwanza tu. Njia ya pili ni kama mita 407, ya nane ni kama 453. Wachezaji wangu hukimbia wakipangana ubavu kwa ubavu, wa nje analalamika amechoka, kumbe mwenzake wa ndani amekimbia pungufu. Pangeni mstari mmoja nyuma ya mwingine, anayeongoza abadilishwe kila kipande. Kuongoza ndiko kunakofundisha kasi, ukiwa nyuma unamfuata mtu tu.

Na kushika magoti baada ya kipande si aibu, acheni kuwapigia kelele watoto wasimame wima mikono kichwani. Kuinama kunasaidia pumzi kurudi.

Kasi Kwanza

Mimi niko upande wa pili. Napenda kipande cha kwanza kiwe cha moto. Kinaniamsha, na kinanionyesha niko wapi. Filbert Bayi wa Tanzania alishika mbele tangu mlio wa bastola pale Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1500, 3:32.2, na hakuna aliyemfikia. Asingekimbia vile kama angezoea kujibana.

Kocha wa Jioni

Mdogo wangu, ile ilikuwa fainali. Baada ya mstari hakukuwa na kipande cha pili, wala cha tano. Mbio ile unaikimbia ukijua unalala baada yake. Nje ya msimu nataka vipande vyako vyote vihesabike. Kama cha kwanza ni sekunde 66 na cha mwisho 75, vile vya katikati hujui umejenga nini. Hamu ya moto unayo, nami siizimi. Kipande cha mwisho kiachie wazi, ukimbie unavyotaka, mradi vilivyotangulia vililingana. Wakimbiaji wangu wengi wanakipata hapo walichokuwa wanakitafuta mwanzoni.

Mzee wa Kilima

Vijana, nimewasoma wote kwa furaha. Nimeshapita hamsini na bado nakimbia. Kipindi hiki sikanyagi uwanja, napanda kilima. Kupanda ni kama dakika moja na nusu, kushuka kwa kujogi ndiyo mapumziko. Kilima hakikuruhusu kuanza kwa fujo, ukijaribu kinakurudisha hatua ya ishirini. Mguu pia hautui kwa kishindo kama kwenye tambarare, na kwa umri wangu mashavu ya miguu na kano za kisigino zinashukuru. Angalizo ni wakati wa kushuka: shukeni kwa hatua fupi, magoti yalegee, msiburute breki kwa paja.

Ila mapumziko ninayotaka kuyasemea zaidi ni yale ya kati ya siku na siku. Nilipokuwa kijana siku moja nyepesi ilitosha. Sasa ni mbili, wakati mwingine tatu, na sioni haya kuzichukua. Asubuhi kabla ya kushuka kitandani nahesabu mapigo. Yakiwa juu kuliko kawaida yangu asubuhi mbili mfululizo, kilima kinasubiri.

Someni habari za Roger Bannister, mkimbiaji Mwingereza. Kabla ya kuvunja dakika 4 za maili mwaka 1954 alikuwa anakimbia vipande kumi vya yadi 440 (karibu mita 400), mapumziko dakika 2. Kasi ikagoma kwenye sekunde 61, hata afanyeje. Akaacha kukimbia siku chache, akaenda na rafiki yake kupanda milima Uskoti. Aliporudi akavifanya kwa 59. Hakuongeza vipande, wala hakupunguza mapumziko ya katikati.

Mama Pacha

Kocha na Mzee, nashukuru sana. Swali la mwisho: wiki ijayo nitakuwa mahali ambapo nina mashine ya kukimbilia tu. Vipande vinawezekana?

Pumzi Ndefu

Dada, hilo nalijibu mimi, maana kipindi cha mvua nyingi huishia hukohuko. Vinawezekana, na kwenye kasi mashine inasaidia, kwani mkanda haukuachii uanze na 38. Tatizo liko kwenye mapumziko. Mkanda unachukua sekunde kadhaa kushuka kasi, na sekunde kadhaa tena kupanda, hivyo dakika 2 ulizojipangia zinaliwa pande zote mbili. Anza kuhesabu pale mkanda unapofika kwenye kutembea, si pale unapobonyeza kitufe. Usiruke pembeni huku mkanda unaenda kasi, nimeona watu wakianguka. Feni ielekee kifuani kama ipo, maana ndani hakuna upepo wa kukupoza, na joto linapandisha mapigo hata kama kasi haijabadilika.

Na majina ya watoto yataje vilevile, hata kama jirani wa mashine ya pili anakutazama. Anayekimbia mchangani au kwenye mwinuko wa juu bado hajatuandikia, tunamsubiri.