Tupeane uzoefu: siku uliyokuta kazi yako inauzwa na mtu usiyemjua

Kalamu ya Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Naomba tuwe na uzi mmoja wa sisi tunaochora, tunaotengeneza vibonzo, fonti, brashi, modeli za 3D, chochote cha kidijitali unachokifanya mwenyewe bila kampuni nyuma yako, halafu siku moja unakikuta kwa mtu mwingine. Kila mtu aseme ilimkutaje, alifanya nini, kipi kilisaidia na kipi kilikuwa kupoteza muda tu.

Naanza na langu. Kuna picha nilichora miezi minne, mama mzee anaanua nguo mvua ikianza kudondoka. Shuka peke yake lilinila wiki mbili maana nilitaka mtu auone upepo umeingia ndani ya kitambaa. Nikaposti saizi ndogo watu waione, ile kubwa ya kuchapa nikaiweka sokoni. Baada ya wiki tatu hivi mtu ananiandikia, tena kwa ukali, kwamba nimemwibia msanii mwingine, akaniwekea na linki. Nafungua nakuta duka zima, picha yangu iko kwenye mabango, foronya, kava za simu, jina langu pale kona ya chini limefutwa na picha wameigeuza, yule mama anatazama kulia badala ya kushoto. Duka lina mamia ya picha na wateja wanalisifia, mimi nina wafuasi wa kuhesabu, kwa hiyo machoni pa yule mtu mwizi alikuwa ni mimi.

Hapo ndipo paliponiuma kuliko hela. Hela utatafuta nyingine, ila kuambiwa kazi ya mikono yako umeiba, halafu wewe ndiye unayetakiwa kujitetea, wakuu nilikosa usingizi kabisa.

Kilichoniokoa ni faili lenyewe la kazi. Leya 64, yaani tabaka za mchoro zilizopangwa moja juu ya nyingine, na mchoro wa kwanza wa penseli bado uko chini kabisa. Na kuna kitu kimoja, pale juu ya shuka kuna vibanio vya nguo, kimoja nilikisahau sikukipaka rangi, kimebaki mistari mitupu. Nikaikuza kwenye skrini picha ya ile kava ya simu ya kwao mpaka ikawa vipande vipande, kibanio kipo, upande wa pili, hakina rangi vilevile. Nikaziweka picha mbili sambamba nikamtumia yule mtu. Aliomba radhi, na picha akanunua. Duka kuondolewa ilichukua siku 19 na meseji saba.

Karibuni.

VibonzoDaima

Pole sana mkuu. Hicho kibanio kimenigusa.

Mimi natengeneza vibonzo vya mfululizo, sura moja kila wiki mbili, wanaolipia wanasoma siku kumi kabla ya wengine. Yaani wanachonunua ni hizo siku kumi, maana mwisho wa siku kila mtu atasoma bure. Sasa nikaanza kuona sura ikitoka, haijafika hata saa moja, iko kwenye tovuti ya bure, kurasa zote 22, pembeni matangazo ya kamari yanawaka. Wanachama walikuwa 310, ndani ya mwaka mmoja wakabaki 140. Na wasomaji siwalaumu sana, wengi hawajui hata kama kuna mwenyewe, mtu anaandika jina la kibonzo Google inakuja ile tovuti kwanza, ya kwangu iko huko chini.

Rafiki yangu anayejua kuandika programu akanitengenezea kitu, kila mwanachama anapata nakala yenye tofauti ndogo ndogo ambazo huwezi kuziona kama hujui pa kutazama, huyu ana nyota moja zaidi angani, yule ufa ukutani umepinda kidogo. Sura ya tatu tukampata. Alikuwa mmoja wa wale wa mwanzo kabisa, mtu ambaye kila sura anaandika komenti ndefu nzuri, hata jina la mhusika mmoja nilichukua kwake. Sikumtukana, nilimuuliza tu kwanini. Akajibu alidhani ananisaidia kunitangaza.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu sana. Kisha nikamtoa.

Haijaisha lakini. Sura bado zinafika kule, ila sasa zinachukua siku nne tano, na hizo siku nne ndizo zinazonifanya niendelee kuchora.

Penseli HB

"Nakutangaza." Mimi niliambiwa neno hilo hilo na mtu mwenye biashara kubwa tu, kachukua mchoro wangu kaweka kwenye tangazo lake, jina langu kalikata. Nikamuuliza sasa atakayependa huo mchoro atanipataje? Kimya mpaka leo.

Mchonga Modeli

Langu lina sura nyingine kidogo. Natengeneza modeli za 3D za gemu, miti, mawe, nyumba zilizobomoka. Siku moja meseji zinaanza kumiminika, "faili lako lina kirusi", "umeniharibia kompyuta". Naangalia orodha ya walionunua, hao watu hata mmoja hayumo. Kumbe kuna chaneli wamechukua pakiti yangu wakaigawa bure, ila humo ndani wameongeza faili moja linaloishia na .exe. Pakiti yangu haijawahi kuwa na programu, ni modeli na picha za kuzivisha basi.

Fikiria hapo, mtu hajakulipa, kaumizwa na mwizi, lakini jina lililoko kwenye pakiti ni lako kwa hiyo lawama inakuja kwako, na wengine wakaenda kwenye magrupu kuonya watu wasinunue kwangu. Wiki mbili nzima sikuchonga hata jiwe, kazi yangu ikawa kujibu watu mmoja mmoja na kuwaelekeza jinsi ya kusafisha mashine. Nilijibu wote, hata ambao hawakunilipa, maana wengine walikuwa watoto wanajifunza.

Nilichofanya baadaye, kwenye ukurasa wangu wa mauzo nimeorodhesha kila faili lililomo, saizi yake, na hashi ya SHA-256 ya pakiti nzima, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, likibadilishwa kidogo tu nao unabadilika. Anayetaka kuhakikisha analinganisha, ikitofautiana hata herufi moja ajue hiyo haijatoka kwangu. Meseji za kirusi zimepungua sana.

Rangi Mbichi

Kuna wanaokumbuka Desemba 2019 pale Twitter? Kulikuwa na bot, programu zinazojiendesha zenyewe, zinawinda, mtu akikomenti chini ya mchoro "ningeipata hii kwenye fulana ningefurahi", bot inaiona, inachukua picha, dakika chache tu kuna duka linauza hiyo fulana. Hakuna binadamu aliyeitazama. Wasanii walipogundua wakaamua kuzitega, mtu anachora bango limeandikwa kabisa kwamba duka hili linauza kazi za wizi, anaomba wafuasi wakomenti kuhusu fulana, na kweli maduka yakaiweka sokoni. Wengine walichora Mickey Mouse makusudi ili Disney iyafuate yale maduka.

Mimi nilikuwa mmoja wa walioibiwa kwa njia hiyo. Na kinachobaki moyoni ni kwamba aliyeniletea lile balaa ni shabiki wangu wa kweli, kaandika neno la upendo tu. Mpaka leo mtu akinisifia kwa kutaja fulana nashtuka, naenda inbox namwomba taratibu aifute. Wanaelewa wengi.

Kalamu ya Usiku

Asanteni sana wakuu. Vipi kuhusu wotamaki, ile alama ya jina lako juu ya picha, kuna mtu imemsaidia? Na ile ya kuandika jina lako ndani ya taarifa za faili?

Rangi Mbichi

Taarifa za ndani ya faili mitandao mingi inazifuta ukishaposti tu, usizitegemee peke yake, zitakusaidia kwenye faili halisi unalobaki nalo. Wotamaki ya kona wanaikata, ya katikati inaharibu picha na siku hizi kuna programu zinaifuta kwa sekunde. Mimi nimerudi kwenye njia kama ya kibanio chako ila kwa kukusudia, nachora herufi zangu mbili kwenye nywele au majani. Haizuii wizi, ila inamaliza ubishi.

Wa Vifungu

Niongezee upande wa sheria maana kuna watu wanadhani bila kusajili huna haki yoyote. Mkataba wa Berne wa 1886, ambao sehemu kubwa ya nchi za dunia zimo, unalinda kazi bila masharti ya usajili wala ile herufi C kwenye duara, ukishaichora ni yako. Tatizo ni kuitetea. Wengi tunatumia sheria ya Marekani ya 1998 ya hakimiliki za kidijitali, DMCA, kuomba nakala ziondolewe, kwa sababu makampuni mengi yanayohifadhi hizo tovuti yako kule. Ombi lako litaje kazi yako ni ipi, linki kamili ya kila nakala (sio linki ya duka tu, hapo ndipo wengi wanarudishwa), mawasiliano yako, tamko kwamba unaamini kwa nia njema matumizi hayo hayaruhusiwi, tamko kwamba maelezo ni sahihi na kwa kiapo kwamba wewe ndiye mwenye haki au umeruhusiwa naye, na sahihi, hata ya kielektroniki inakubalika.

Sasa yaliyonikuta mimi. Yule jamaa akapinga, akaandika kwamba picha ni yake. Sheria inasema akipinga, na wewe usipofungua kesi mahakamani, nakala inarudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi. Kesi ya nchi nyingine ningeiweza wapi, ikarudi. Na kuna jingine ambalo sikulijua, ombi lako linaweza kupelekwa kwa yule uliyemripoti likiwa na jina na mawasiliano yako yote. Nilipata meseji za matusi na vitisho kwa miezi mitatu, mpaka wa nyumbani kwangu wakawa wanaogopa. Kwa hiyo nawaomba sana, hasa dada zetu, msiweke anuani ya nyumbani, tumia anuani ya barua au mtu wa kukuwakilisha.

Ila msiache kuripoti. Ili hao wenye mitandao wapate kinga ya hiyo sheria wanatakiwa wawe na utaratibu wa kufunga akaunti za wanaorudia rudia. Ombi lako la leo linahesabika kwenye rekodi ya mwizi hata kama kesho atapandisha picha nyingine.

Herufi Kubwa

Naomba niseme na upande ambao hausemwi. Mimi nilipokuwa najifunza nilitumia brashi na fonti za wizi miaka mingi. Sikuwa na hela, na sikuwahi kufikiria kwamba nyuma ya lile faili kuna mtu amekaa anapima nafasi kati ya A na V usiku kucha. Nilijua nilipoanza kuchora fonti yangu mwenyewe, miezi 14, alama 412, nukta na mikato yote.

Halafu nikaiona kwenye vifungashio vya kampuni moja. Nikawaandikia kuulizia leseni, wakasema fonti ni ya bure, mbunifu wao kaipata kwenye tovuti ya fonti za bure. Nikawaomba kitu kimoja tu, wafungue taarifa za ndani za lile lile faili walilonalo, maana fonti ina sehemu inayohifadhi jina la aliyeichora, mwaka na leseni, na aliyeipandisha kule hakuifuta. Wakakaa kimya siku sita, wakalipa.

Hela ile nilipoipata, sehemu yake nilirudi kununua leseni za fonti nne nilizokuwa nazitumia bila kulipa. Mmoja wa wale wachoraji alinijibu kwa mkono wake kwamba hayo ndiyo mauzo yake ya kwanza mwezi ule.

Penseli HB

Na hizi AI zilizofundishwa kwa picha zetu bila kuulizwa tunaziweka humu au?

Kalamu ya Usiku

Mkuu hilo tulifungulie uzi wake. Januari 2023 wachoraji watatu walifungua kesi Marekani kwa jambo hilo, na kuna Glaze, programu ya kuivuruga AI isiige mtindo wako, ya watu wa Chuo Kikuu cha Chicago ambayo wengine mmeijaribu, kuna mengi ya kuongea pale.

Wakuu, taarifa ya leo. Kuna mwenzetu humu kanistua asubuhi, yule mama na shuka lake yuko kwenye duka jingine, jina jipya, safari hii hawajaigeuza. Kibanio kipo. Nimeona baadhi yenu mmeshaanza kuripoti na nawashukuru kutoka moyoni, lakini kama alivyoeleza Wa Vifungu, ombi linatakiwa litoke kwa mwenye kazi au aliyemruhusu, ya kwenu huenda yakapuuzwa. Mkiiona mahali nitumieni linki tu, moja moja, kamili. Nimeshapata 11, naziandikia sasa hivi.