Naomba ushauri: chuma cha kusubu au bronzi kwa silinda za treni ndogo ya mvuke?

Habari zenu wakuu. Ndiyo kwanza naanza kujenga kichwa kidogo cha treni ya mvuke, cha njia yenye nafasi ya milimita 89 kati ya reli mbili, na nimekwama kwenye uchaguzi wa metali.

Boila hainisumbui. Itakuwa ya shaba nyekundu, na viungo vyote nitaviunga kwa lehemu ya fedha. Shaba njano nimeiweka mbali kabisa na maji ya moto, maana zinki yake huliwa polepole na kinachobaki kinakuwa na vitundu kama sifongo, hakiwezi kubeba presha.

Kinachoniumiza kichwa ni silinda. Chuma cha kusubu (kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) kina grafiti ndani yake, yaani kaboni laini yenye utelezi, hivyo pistoni huteleza vizuri na uchakavu ni mdogo, ila unyevu ukibaki ndani baada ya kuzima moto, kutu inaanza. Bronzi (mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati) haina tatizo hilo la kutu, lakini ni laini zaidi.

Kuhusu fremu, nimejaribu bapa la chuma laini kilichovutwa kikiwa baridi. Nilipopunguza upande mmoja tu, likapinda. Ukiliweka juu ya kioo unaona mwanga ukipita katikati.

Maswali yangu ni mawili. Kwa treni itakayowashwa mara mojamoja na kukaa muda mrefu, mngechagua silinda za metali ipi? Na fremu, nitumie chuma kilichoviringishwa kikiwa moto, au hiki nilichonacho nikipashe kwanza kiache kupinda?

Natanguliza shukrani.