Utabiri unasema Hs (kimo cha mawimbi) mita 1.4, mbona mawimbi makubwa kuliko hayo?

nanga_chini:
Wakuu, tunashusha mzigo wa tani 20 hadi sakafu ya bahari, kazi ya saa 8. Kikomo cha kreni ni Hs mita 1.5. Utabiri unatoa 1.4 kutwa, lakini mawimbi ya zaidi ya mita 2 yanapita. Umekosea? Na kwa nini siku nyingine meli huenda mrama hata Hs ikiwa 1.1?

boya_na_mnyororo:
Haujakosea. Hs ni wastani wa ile thuluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, haina maana kwamba hakuna yanayoizidi. Wimbi likija kila sekunde 8, saa 3 zina mawimbi 1,350 hivi, na kubwa lao hutarajiwa kufika mara 1.9 ya Hs. Kwako ni karibu mita 2.7, bonde hadi kilele. Huzidi hata hapo: tarehe 1 Januari 1995 jukwaa la gesi la Draupner, Bahari ya Kaskazini, lilipima wimbi la mita 25.6 wakati Hs ilikuwa kama 12.

omo_na_tezi:
Swali la pili ndilo zito. Hs haikuambii sekunde kati ya wimbi na wimbi. Zikikaribia muda wa asili wa meli kuyumba, wimbi dogo tu linailaza ubavu. Omba utabiri unaotenganisha mawimbi ya upepo na mawimbi marefu ya mbali, kila moja na kimo, sekunde na mwelekeo wake. Mita 0.8 za upepo na 0.75 za mbali hazileti 1.55, unajumlisha miraba kisha unatafuta kipeuo cha pili, unapata ile 1.1 yako. Ukielekeza omo (mbele ya meli) kwenye upepo, ya mbali yanaweza kukupiga ubavuni.

Mawimbi ya sekunde 14 husafiri kama km 39 kwa saa, kwa hiyo dhoruba iliyo km 1,000 inakufikia kesho yake hata kama hapo ulipo pametulia. Yale ya sekunde nyingi zaidi hutangulia. Yatafute kwenye spektra ya boya, yaani mchanganuo wa nguvu ya mawimbi kwa kila idadi ya sekunde.

kipimo_sahihi:
Kulinganisha 1.4 na 1.5 moja kwa moja si sahihi. Viwango vya DNV, shirika la usalama wa kazi za baharini, hupunguza kikomo kwa kizidisho kinachoitwa alfa, kwa sababu utabiri nao hukosea. Alfa ikiwa 0.75, kikomo chako cha kupanga kazi ni mita 1.1. Alfa hushuka kazi ikiwa ndefu, hupanda ukiwa na boya linalopima papo hapo. Saa 8 nazo ziongezee akiba, tuseme 4: unatafuta saa 12 mfululizo, na kwenye utabiri wa makundi (modeli ikiendeshwa mara nyingi kwa mianzo tofauti kidogo) angalia matokeo ya juu, usiishie kwenye wastani.

Mkondo wa maji ukikabili mawimbi huyafupisha na kuyasimamisha wima, na modeli nyingi za eneo pana hazioni hilo.

nanga_chini:
Kesho ya mbali ni sekunde 13, kutoka kusini. Upepo wa mashariki.

omo_na_tezi:
Basi omo kusini, mzigo ushuke ubavu wa magharibi, kwenye kivuli cha upepo. Hatari kubwa ni pale mzigo unapopita usoni mwa maji: waya hulegea, kisha hukazika kwa kishindo na huweza kukatika. Hapo subiri kundi la mawimbi madogo, ushushe bila kusita.