X haifunguki bila VPN, hivi wanaifungaje?

mtu_wa_mwanjelwa: Wakuu habari zenu. Tangu ile Mei 2025 akaunti ya Polisi Tanzania ilivyodukuliwa na X (zamani Twitter) ikafungwa, mimi bila VPN, ile app ya kupitisha intaneti yako kwenye seva ya kwingine, siingii. Jana dogo mmoja kaniwashia VPN, dakika haijaisha nishaingia, sasa kama inafunguka kirahisi hivi wamefunga nini? Wanaojua mambo ya mtandao nieleweshe.

fundi_nyaya: Mkuu njia ni kama tatu. Kuna DNS, ile ni kama daftari la simu, unataja jina la tovuti unapewa namba, kampuni inayokupa intaneti inaambiwa hilo jina usilijibu. Hiyo ukiweka 8.8.8.8, yaani DNS ya Google, kwenye simu unapita, Uturuki 2014 Twitter ilipofungwa watu walikuwa wanaziandika hizo namba ukutani kwa rangi. Kuna kufunga IP, yaani ile namba yenyewe ya seva, na hii ndo inaumiza wasiohusika maana IP moja inaweza kubeba tovuti kibao, Urusi 2018 wakiwinda Telegram walifunga mamilioni ya IP za Amazon na Google, huduma za watu zikaanguka huku na kule na Telegram yenyewe ikaendelea kupiga kazi, 2020 wakaifungulia. Ya tatu wanachungulia jina la tovuti pale simu inapobisha hodi, kabla mazungumzo hayajafichwa. VPN inazipita zote kwa sababu wao wanaona unaongea na seva ya VPN tu, ndani hawaoni.

nguo_kampala: Mimi nauza nguo Kampala. Huku Facebook ilifungwa Januari 2021 siku mbili kabla ya uchaguzi, baada ya Facebook kuondoa akaunti ilizosema zina uhusiano na wizara ya serikali. Uchaguzi ukapita, kufuli likabaki miaka na miaka. Wateja wangu wananipata kwa VPN za bure, bando linaisha haraka, picha hazifunguki, mwingine anachoka anaondoka na mimi nimekosa mauzo. Mwenye hela ya VPN ya kulipia hata hajaguswa. Inaniuma sana.

bi_shamsa: Na hizo za bure ndugu zangu muwe makini, mwenye seva anaona tovuti unazotembelea, yaani tumekimbizwa tukaangukia mikononi mwa watu hatuwajui. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walitaka watu wasajili VPN zao, kwangu hiyo ni kukiri kwamba kufuli linavuja. Na sababu waliyotupa kuhusu X ni ponografia, sawa, basi tuoneshwe amri yenyewe, imetolewa lini, inaisha lini, na mimi raia nikipinga napeleka wapi? Mtandao wa nchi nzima usifungwe kwa tamko tu.

mtu_wa_mwanjelwa: Asanteni sana. @fundi_nyaya nimeweka 8.8.8.8 sasa hivi, bado imegoma, VPN tu ndo inakubali.

fundi_nyaya: Basi kwako siyo DNS peke yake mkuu, wanachungulia jina au wameziba IP.