Kijana wa miaka 15 aliyeona mauaji: nani amwamulie kubadili jina?

Mleta mada
Wakuu, juzi usiku nimemaliza kuangalia filamu moja ya kusisimua ya bajeti ya kuungaunga. Nyumba moja ya mbao, gari moja, askari mmoja, na kijana wa miaka 15 hivi anayefichwa na serikali kwa sababu aliona mtu akiuawa. Kilichofuata mnakijua: kijana kampigia simu mpenzi wake, alfajiri wauaji wako mlangoni. Shemeji yangu akatoa hukumu hata kabla haijaisha: "Wangemnyang'anya simu tangu mwanzo. Mtoto haulizwi."

Tuligombana hapo. Mimi nasema aulizwe.

Tazameni sheria yetu ya ushahidi hapa Tanzania. Tangu marekebisho ya 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli na si uongo. Akishavuka hapo anaapa kama mimi na wewe. Kwa hiyo wa miaka 15 ana akili ya kubeba kiapo kinachoweza kumpeleka mtu gerezani maisha, ila ukifika wakati wa kumhamisha mkoa, kumtoa shule na kumpa jina jingine, anafungashwa pamoja na masufuria.

Marekani wana mpango wa kuwaficha mashahidi hivi, kwa kuwahamisha na kuwapa majina mapya, tangu sheria yao ya 1970, na umepitisha watu zaidi ya 19,000, zaidi ya nusu yao wakiwa si mashahidi wenyewe bali wanafamilia. Maofisa wanaousimamia hujivunia kwamba hakuna aliyefuata masharti akauawa. Aliyefuata masharti! Na sharti linaloumiza ni la kutompigia bibi siku ya Idi. Kijana asiyeshirikishwa tangu mwanzo ndiye atakayelivunja. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu unachanganya mambo. Kuapa kizimbani ni dakika moja, kujificha ni miaka. Mwulize kijana wa Tandika kama yuko tayari kuhamia Sumbawanga, atakwambia hapana kwa sababu ya timu ya mtaani. Utamwacha auawe ili uheshimu maoni yake?

Mleta mada
Sijasema apewe uamuzi wa mwisho. Nasema asikilizwe. Ukimwuliza atakutajia mtu mmoja ambaye hawezi kuishi bila kumsikia, na hapo utatafuta njia salama ya kuwaunganisha. Usipomwuliza atatafuta njia yake, na njia yake ni ile simu.

Mchangiaji wa pili (Nairobi)
Kwetu Kenya sheria ya kulinda mashahidi ni ya 2006, na marekebisho ya 2010 yakaleta wakala unaojitegemea. Aliye chini ya miaka 18 hasaini makubaliano mwenyewe, anasainiwa na mzazi au mlezi. Sasa niambieni: mshukiwa akiwa ni baba mwenyewe? Au mjomba anayewalipia kodi? Mama atasaini mkono ukitetemeka, ama akatae kabisa.

Lakini hata kabla ya kufika huko, kwa nini tunamrukia mtoto? Kesi zetu za The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zilitufunza. Ya Uhuru Kenyatta iliondolewa Desemba 2014, ya William Ruto na mtangazaji Joshua Sang ikakatizwa Aprili 2016, na jaji mmoja akasema wazi kwamba mashahidi waliingiliwa. Hao walikuwa watu wazima. Kukiwa na ushahidi mwingine, mtoto aachwe. Akiitwa kwa lazima, kuna njia nyepesi ambazo ziko kwenye sheria hiyohiyo: kesi isikizwe faraghani, apewe jina la bandia, aongee kwa video, sura ifichwe. Watengenezaji wa filamu hawaonyeshi hayo kwa sababu hakuna anayelipa kiingilio kutazama pazia.

Mchangiaji wa tatu
Naungana na wa Nairobi. Sisi pia tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, ya 2015. Shida ni mtaani. Hamia popote nchi hii: wiki ya kwanza mwenyekiti wa mtaa anataka barua ya ulikotoka, jirani anauliza kwenu ni wapi, mwalimu anataka cheti cha kuzaliwa na matokeo ya darasa la saba. Mzee anaweza kujibu "nimetoka Tanga kikazi" akanyamaza. Kijana atakaa darasani na wenzake arobaini wanaotaka kujua kabila lake, alisoma wapi na kwa nini akiitwa hageuki. Uongo huo anaubeba yeye, saa nane kwa siku, mzazi hayupo. Kwa hilo tu mleta mada ana hoja: huwezi kumtungia historia ya maisha ambayo hakushiriki kuitunga.

Mchangiaji wa kwanza
Hapo kwenye shule nimekuelewa. Kwenye kuhama bado sikubali.

Mchangiaji wa nne
Shemeji yuko sahihi kwenye simu. Kwenye mengine mwambie aje hapa tumwulize yeye mwenyewe anaweza kukaa mwezi bila kumpigia mama yake.