Mrejesho: Mchezo wa mezani wa mapigano ya Lukaya

Wakuu, niliwauliza kwa nini kwenye mchezo wangu wa mapigano ya Lukaya, Uganda, katika Vita vya Kagera, Machi 1979, upande wa Tanzania unakwisha kabla ya raundi ya nne. Mkanishauri: kikosi kikizidiwa kirudi nyuma, kisiondolewe mezani. Asanteni sana, hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Jumapili tuliujaribu upya sebuleni kwangu Nkuhungu, watu wanne, visoda vikiwa askari na khanga ya kijani ikiwa kinamasi. Visoda vyekundu, yaani Watanzania, vilikimbia barabarani raundi ya pili, vikajipanga, na wenzao wakatokea ubavuni. Nilisisimka, maana ndivyo ilivyokuwa: Brigedi ya 201 ya Tanzania ilirudishwa nyuma tarehe 10 na majeshi ya Amin na Walibya, kesho yake ikashambulia tena huku ya 208 ikizunguka.

Baba mdogo, aliyekuwa jeshini miaka ile, alitazama kimya. Kisha akaokota kisoda kimoja kutoka kwenye khanga. "Huyu anakimbiaje hapa? Tope hilo." Basi kinamasini mwendo sasa ni robo, si nusu.

Roketi bado zina nguvu kupita kiasi. Nitazijaribu kwa dadu moja wiki ijayo.